Mtoto kalazwa mmoja, nyumba nzima iko wodini

Siku ya tatu wodini nilihesabu meseji kwenye simu, zilikuwa arobaini na kitu, na karibu zote zilikuwa zile zile kwa maneno tofauti: pole sana mama, tuko pamoja kwenye maombi, ukihitaji chochote usisite kusema. Nilikuwa nazisoma nimesimama kwenye kona ya korido, manake hapo ndo palikuwa na soketi pekee inayofanya kazi, simu ina asilimia 4, sijaoga tangu juzi, na kusema kweli nilikuwa nahitaji karibu kila kitu kilichopo duniani lakini sikuweza kutaja hata kimoja. Sio kiburi jamani. Kichwa kilikuwa kimejaa namba za mtoto, oksijeni ngapi, joto ngapi, kakojoa mara ngapi, dawa ya saa nne imechelewa au mimi ndo nimepoteza hesabu ya muda, sasa hapo mtu akikwambia "sema unachohitaji" anakuwa amekuongezea kazi. Nikawajibu wote "asante sana" nikarudi kitandani.

Ya jirani yangu ndo haikuuliza kitu. Iliandikwa hivi: "Shoga, mkubwa yuko kwangu. Kala, kaoga, daftari la hesabu nimelisaini. Kesho asubuhi namfikisha shule mwenyewe. Usijibu."

Lile "usijibu" ndo lilinitoa machozi, hapo hapo kwenye soketi, na mlinzi akanipita akajifanya hajaona.

Ilianza kama mafua ya kawaida. Binti yangu alikuwa na miaka minne, kaka yake saba, na kwa watoto wa umri huo mafua ni kama nguo, wanayavaa wanayavua. Siku ya kwanza homa, ya pili homa na kikohozi, ya tatu nikampeleka kituo fulani, sitakitaja, wakamwangalia koo wakasema ni mafua hayo, mpe dawa ya homa, asipopata nafuu mrudishe. Hakuna aliyemfunua kifua, hakuna aliyehesabu pumzi, na mimi nilikuwa sijui kabisa kwamba pumzi zinahesabiwa. Kwa hiyo kama hutasoma kingine humu soma hiki. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, halafu hesabu kinavyopanda kwa dakika nzima, sio sekunde kumi ukazidisha. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika pumzi 40 kwa dakika au zaidi anapumua haraka kuliko inavyotakiwa, wa miezi miwili hadi mwaka ni 50, kichanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Na ukiona pale chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi, au pua zinatanuka, au anaguna kila akitoa pumzi, hapo hakuna cha kusubiri kukuche. Wangu alikuwa anaguna. Mimi nikadhani anaota. Saa nane usiku baba yao akasema hebu washa taa, na tulivyowasha hatukuulizana tena, tukambeba kama alivyo.

Hospitali walihesabu pumzi 62. Kale kamashine ka kubana kidole kakasoma oksijeni 86, na mtoto mwenye afya kawaida anasoma 95 na kuendelea. Nimonia, lakini sio hiyo tu, usaha ulikuwa umejikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, kwenye picha upande wa kulia ulikuwa mweupe zaidi ya nusu. Ikabidi atobolewe mbavuni awekwe mpira wa kutoa usaha. Tulikaa siku 19.

Sasa kuna jambo la usiku ule wa kwanza ambalo bado linanirudia. Walihitaji mshipa wa kuweka kanula, kale kampira kembamba ka kupitishia dawa, na mtoto mwenye homa halafu kapungukiwa maji mishipa yake inajificha, sio kosa la mtu. Wakaniambia mama subiri nje. Nikasubiri nje. Nikasikia kila kitu kupitia mlango, walijaribu mkono mmoja, wakahamia mwingine, wakaenda mguuni, na kitu ambacho kimenikaa mpaka leo ni kwamba hakuwa analia "inauma". Alikuwa analia "mama yuko wapi".

Siku mbili baadaye ile kanula ikavimba ikabidi itolewe iwekwe nyingine. Zamu hiyo alikuwepo sista mmoja mtu mzima, karibu kustaafu nadhani, nikaanza kutoka mwenyewe bila kuambiwa maana nilishazoea, akaniita, "Mama unaenda wapi? Kaa hapo, mpakate, kifua kwa kifua, miguu yake ipite kiunoni kwako, mkono huu nipe mimi." Akamwambia mtoto ukweli, kwamba itachoma kama unavyochomwa na mwiba, halafu itaisha, na wewe utahesabu mpaka kumi kwa sauti kubwa kabisa mpaka wote wodini wasikie. Alifika saba. Sisemi kila mara itaenda hivyo, kuna siku zingine ilienda vibaya nikiwa nimempakata vile vile, lakini hakuuliza tena niko wapi.

Nilivyotoka nikaanza kusoma, ndo tabia yangu, nikiogopa nasoma. Nikakuta kwamba huko nyuma kumtenga mzazi ilikuwa ndo sheria yenyewe. Uingereza miaka ya kabla na baada ya vita ya pili kulikuwa na hospitali ambazo mzazi anamwona mtoto mara moja kwa wiki, zingine hata hiyo hakuna, na sababu yao ilikuwa kwamba wazazi wanaleta maambukizi halafu wakiondoka watoto wanalia. Ambacho ni kweli, wanalia. Kulikuwa na daktari mmoja Newcastle, James Spence, ambaye tangu miaka ya 1920 aliwaruhusu kina mama walale na watoto wao na wawahudumie wenyewe, lakini wengi hawakumfuata. Halafu akaja James Robertson, huyu hakuwa daktari, alikuwa mtu wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi na John Bowlby, akawa anakaa tu wodini anaangalia watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao. Akaona wanapita hatua tatu. Kwanza mtoto anapinga, analia, anatikisa kitanda. Halafu anakata tamaa, ananyamaza. Halafu anajitenga, hata mama akija anamwangalia kama mgeni. Na hapo ndo kuna kitu kilichonipiga: hatua ya pili manesi walikuwa wanaiita kuzoea. Mtoto ametulia, ameanza kuwa mzuri.

Watu hawakumwamini kwa maneno, kwa hiyo mwaka 1952 akawaonyesha filamu aliyoipiga mwenyewe, ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 kwa operesheni ndogo ya ngiri ya kitovu. Madaktari na manesi wengi walikasirika sana, walisema anawachafua. Lakini mwaka 1959 kamati ya serikali chini ya Harry Platt ikatoa ripoti ikasema wazazi waruhusiwe kuwaona watoto muda wowote unaofaa, na mama wa mtoto mdogo alazwe pamoja naye inapowezekana. Ilichukua miaka mingi kutekelezwa, kama ilivyo kwa ripoti zote duniani.

Binti yangu siku ya nne aliacha kulia. Alikuwa kalala chali anaangalia dari, ukimgusa haondoi mkono, na mimi nikampigia baba yao nikamwambia kwa furaha kabisa leo katulia, anaendelea vizuri. Yule sista mtu mzima akapita, akamwangalia, akaniuliza anacheza? Nikasema hapana. Akasema basi hajatulia. Akaondoka, akarudi na mdoli wa kitambaa na kipande cha plasta na bomba la sindano lisilo na sindano, akamwambia huyu naye amelazwa leo, sisi tuna kazi nyingi, unaweza kutusaidia kumhudumia? Nilidhani ni mzaha. Nusu saa baadaye mdoli alikuwa na plasta nane na binti yangu anamfokea, "Usitingishe mkono!" kwa sauti ile ile ya nesi wa usiku wa kwanza. Kumbe hiyo nayo ni taaluma kabisa, kuna watu kazi yao ni kucheza na watoto wodini, mwalimu mmoja Emma Plank aliianzishia programu hospitalini Cleveland, Marekani, mwaka 1955. Na mapovu ya sabuni yale ya kupuliza, mimi nilimletea kama zawadi, kumbe mtu wa mazoezi ya kifua alikuwa anamtafutia kitu cha kumfanya apulize ili pafu lifunguke. Akawa anapuliza mapovu mara nne kwa siku, wodi nzima wanagombania kuyapasua.

Naomba niseme kidogo kuhusu maumivu halafu niendelee. Mpaka miaka ya 1980 kulikuwa na vichanga waliofanyiwa operesheni wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo mno ya maumivu, kwa sababu watu wazima walikubaliana kwamba kichanga hasikii maumivu kama sisi. Daktari Kanwaljeet Anand na wenzake ndo walioonyesha mwaka 1987 kwamba mwili wa kichanga unashtuka vibaya sana, na kwamba wakipewa dawa kamili wanapona vizuri zaidi. 1987! Kuna watu wanasoma hapa walikuwa wamezaliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "mtoto mdogo huyu hatakumbuka", muulize taratibu tu kama kuna dawa ya kupaka ya ganzi kabla ya sindano, na kama ni kichanga muulize kama unaweza kumnyonyesha wakati anachomwa, maana kunyonya, au matone ya sukari ulimini kwa wale wachanga kabisa, kunapunguza maumivu kweli. Na usimwambie mtoto haiumi. Ukishamdanganya mara moja, hata dawa ya kunywa hatapokea kutoka kwako.

Nirudi kwenye mpira wa kifuani. Ule mpira unaingia kwenye chupa yenye maji, na yale maji kwenye bomba yanapanda na kushuka kila mtoto akipumua. Hakuna aliyenieleza, niliona mwenyewe kwa kukaa pale masaa na masaa, ikawa kama saa yangu ya ukutani. Usiku wa sita nikashtuka maji yamesimama. Binti kalala upande wa kulia, anapumua juu juu kidogo, namba kwenye kamashine bado inasoma vizuri. Nikaenda kwa nesi nikamwambia maji hayachezi. Alikuwa na watoto wengi na mmoja hali yake mbaya, akaniambia nitakuja mama. Nikarudi, nikakaa dakika tano, nikaenda tena. Mara ya tatu akaja kanuna kwa kweli, akainua shuka, mpira ulikuwa umejikunja chini ya mgongo wa mtoto umejibana kabisa. Akaunyoosha, maji yakaanza kucheza. Akaniangalia, akasema, "Umeona vizuri." Hakuomba samahani na sikuitaka, ile "umeona vizuri" ilinitosha, kuanzia siku hiyo nikinyanyua mkono anakuja.

Uingereza sasa hivi wana utaratibu unaitwa Martha's Rule, ulianza kuwekwa kwenye hospitali mwaka 2024. Martha Mills alikuwa na miaka 13, alianguka na baiskeli akaumia kongosho, akapata maambukizi ya damu, wazazi wake walisema mara kwa mara kwamba hali inazidi, hawakusikilizwa ipasavyo, akafariki 2021. Uchunguzi wa kifo chake ukasema inaelekea angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha mahututi. Wazazi wake wakapigania mpaka ikawa mgonjwa au ndugu anaweza kuita timu nyingine ije imwangalie haraka, bila kuomba ruhusa ya wale wanaomtibu. Mimi sidhani kama madaktari na manesi ni wabaya, nimewaona wakilia kwenye ngazi. Ila nesi anamwona mtoto dakika kadhaa kwa zamu, mimi nimemwona miaka minne. Nikisema "huyu leo sio yeye" hiyo ni taarifa ya kitabibu hata kama sina jina lake.

Lakini ili mzazi aone maji yamesimama saa tisa usiku lazima awe macho, awe amekula, akili iwepo. Na hiki ndo nimekuwa nikizunguka kukifikia tangu mwanzo. Tukishakubaliana kwamba mzazi ni sehemu ya matibabu, haya, nani anamtibu mzazi?

Siku ya nane nilianguka bafuni. Sio kwa uchungu, kwa njaa. Nilikuwa nakula mabaki ya chakula cha mtoto, na mtoto alikuwa hali, kwa hiyo hesabu yenyewe unaiona. Aliyenikuta ni mama wa kitanda namba sita, mtoto wake ana tatizo la figo, anavimba, anatibiwa, anapungua, anavimba tena, kwa hiyo wodi ile yeye ni kama mwenyeji. Akanikalisha, akanipa kitu cha kunywa, akaniambia, "Dada, hapa ukijifanya shujaa unalazwa wewe, halafu huyo anabaki na nani?" Akanieleza utaratibu wao ambao hospitali wala haukuuandika popote: kina mama wanne wa upande ule wanapeana zamu, mmoja akienda kuoga au kulala masaa mawili yule wa kitanda cha jirani anawaangalia watoto wote wawili, chaja ni ya wote, na raundi ya asubuhi kila mtu anamkumbusha mwenzie swali lake alilosema jana atamuuliza dokta, kwa sababu dokta akifika kitandani kila kitu kinayeyuka kichwani.

Hilo la maswali lilinisaidia kuliko dawa. Nikanunua daftari. Uzito wa mtoto ukurasa wa kwanza kabisa, kwa sababu dawa za watoto zinapigiwa hesabu kwa kilo, halafu dawa, saa, kakojoa, kala nini, maswali matatu ya kesho. Matatu tu.

Chini yetu kulikuwa na wodi ya watoto njiti, tulikuwa tunawaona kina mama wa huko wamekaa na vichanga ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi. Hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari Edgar Rey, na mashine za joto zilikuwa hazitoshi, ikabidi mama ndo awe mashine. Ikaonekana kumbe ni tiba kamili. Kwa miaka mingi ilikuwa mtoto asubiri kwanza atulie ndo apewe mama, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti kwenye hospitali tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, vichanga wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, wakawapa mama mapema iwezekanavyo tangu kuzaliwa bila kusubiri. Matokeo yalitoka 2021: waliofariki kwenye kundi la kangaruu ya mapema walikuwa asilimia 12, kwa waliosubiri 15.7, yaani vifo vilipungua kwa robo, utafiti ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Kitu ambacho watu hawakizungumzii ni kwamba ili iwezekane ilibidi vitanda vya kina mama viwekwe ndani ya chumba cha vichanga mahututi, na ilibidi kuwe na mtu mwingine wa kumpokea mama, dada, bibi, yeyote waliyemkubali, ambebe mtoto kifuani mama anapoenda kuoga au anaposhonwa baada ya kujifungua. Huwezi kumbeba mtoto masaa kumi na saba peke yako. Hakuna anayeweza.

Na Marekani, Philadelphia, kulikuwa na mchezaji wa mpira wao ule, Fred Hill, binti yake alikuwa na saratani ya damu, akawa anaona wazazi wanalala kwenye viti na kula vya kwenye mashine kwa sababu nyumbani ni mbali, akakutana na daktari wa watoto Audrey Evans ambaye naye alikuwa anatafuta nyumba ya wazazi kulala karibu na hospitali, mwaka 1974 ikafunguliwa Ronald McDonald House ya kwanza. Sasa ziko mamia duniani. Wazo lenyewe halina ujanja wowote, ni kitanda na jiko na mashine ya kufulia hatua chache kutoka kwa mtoto. Mashine ya kufulia jamani. Hujui thamani ya nguo safi mpaka uwe na mtoto anayetapika.

Nyumbani nako kulikuwa na mgonjwa ambaye hakuna aliyemwona. Kaka mtu. Kwenye simu alikuwa anajibu "vizuri" kila kitu, shule vizuri, chakula vizuri, na mimi nikawa namshukuru Mungu kwa mtoto mwelewa. Siku ya kumi jirani akanipigia, mara ya kwanza kunipigia, akasema mwanao hali ya usiku sio nzuri, anaamka, na leo kaniuliza kama mtu akimnyima mwenzie blanketi anaweza kumuua. Kumbe usiku mmoja kabla hajaugua walikuwa wamegombania blanketi, yeye akashinda. Siku kumi alikuwa anatembea na hilo peke yake, hawezi kumwambia mtu kwa sababu kila mtu mzima aliyemwona alimwambia "uwe jasiri, usimsumbue mama". Tulimleta hospitali Jumamosi. Walitaka kumkatalia getini kwa sababu ya umri, sista akaenda kumchukua mwenyewe. Nilimweleza kuhusu vijidudu, kwamba blanketi haliwezi kuleta nimonia, akasikiliza, kisha akauliza kama usaha una harufu. Akaonyeshwa chupa. Akalala vizuri siku hiyo.

Baba yao na mimi tuligombana kuhusu taulo. Taulo! Tulinuniana siku mbili katikati ya yote hayo. Yeye alikuwa anakimbizana na kazi na bili na kuja jioni kanyooshewa kidole na mimi kwa kusahau taulo, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza yeye anaendeleaje, wote walimuuliza mtoto anaendeleaje na mama anaendeleaje.

Kuhusu lile grupu la michango, nashukuru sana, bila michango ile sijui, na sitaki kuonekana sina shukrani. Ila mtu fulani alimpiga mwanangu picha akiwa na mpira kifuani, amefumba macho, akaiweka kwenye grupu tatu kuhamasisha watu. Niliiona imerudi kwangu kutoka kwa mtu nisiyemjua, na maneno chini yake ambayo hayakuwa ya kweli. Nilimpigia nikamwambia futa, akashangaa, akasema lakini imesaidia, watu wamechanga. Inawezekana imesaidia. Mtoto wangu alikuwa na miaka minne, hawezi kukataa, kwa hiyo nilikataa mimi kwa niaba yake, na mchango unaodai kuona kidonda kwanza mimi naupa jina lingine.

Nani alisaidia kweli kweli? Aliyekuja akasema nakaa na mtoto mpaka saa kumi, nenda kalale kwenye gari langu. Aliyechukua mfuko wa nguo chafu bila kuniuliza, akaurudisha zimekunjwa. Bosi wa baba yao aliyemwambia ingia saa nne, nitajua mimi. Mwalimu aliyemwacha kijana asinzie. Mmoja aliyekuja akakaa kimya dakika arobaini, hakunipa mfano wa mtoto wa shemeji yake aliyekuwa na ugonjwa kama huu, akaondoka.

Halafu tukaruhusiwa, na wote wakaondoka. Siwalaumu, mtoto kapona, kila mtu ana maisha yake. Ila wiki za baada ya kuruhusiwa ndo zilikuwa ngumu kwangu. Wodini kuna mashine inakupigia kelele kama kuna tatizo, nyumbani mashine ni wewe. Nilikuwa naamka mara sita usiku kumhesabu pumzi. Yeye alirudia kukojoa kitandani, na akiona mtu yeyote amevaa nyeupe anajificha, hata yule anayeuza maziwa. Mimi nikisikia mlio wowote unaofanana na ile kengele ya oksijeni mikono inatoka jasho. Nilidhani nimechanganyikiwa mpaka siku ya kliniki, wiki ya sita, dokta akaangalia picha akasema pafu limefunguka safi, kisha akaniuliza, "Na wewe mama unalala?" Nikalia mpaka akafunga mlango. Akasema hiyo inawapata wazazi wengi baada ya mtoto kuugua sana, ina msaada wake, akaniandikia pa kwenda. Nilienda mara tano. Mshauri hakuniambia kitu cha ajabu, ila lilikuwa saa zima ambalo hakuna aliyeniuliza kuhusu mtoto.

Sasa ni mwaka na miezi kadhaa. Mama wa kitanda namba sita bado anaingia na kutoka, yule kijana wake akipata mafua tu anavimba upya wanarudi wodini. Tulivyotoka wale kina mama wanne tuliunda kagrupu, hakana jina, hakana admini wa maana, ina ratiba tu ya siku na jina. Kijana huyo akilazwa, hakuna anayeandika pole. Jumatatu mmoja anachukua wadogo zake, Jumatano nguo, mwingine Jumamosi usiku anakaa kitandani ili mama akalale nyumbani kwake kwenye kitanda chake. Mwanzoni alikuwa anakataa, anasema nimezoea. Tukamwambia na wewe ulitukuta bafuni.

Juzi wamerudi. Alhamisi ni zamu yangu, saa kumi jioni mpaka asubuhi, na nimeshaandaa yale mapovu ya sabuni kwa sababu kijana kaulizia. Binti yangu kanipa mdoli nimpelekee, wa kuazima sio wa kumpa, kasisitiza, na plasta zake zirudi zote. Naishia hapa maana simu ina asilimia 20 na soketi za kule nazijua.